Niliwauza Majirani kwa Wadhamini wa Kombe, Kisha Nikaitikia Amina

Naanza na kosa lenyewe, usije ukanihurumia kabla hujajua nimefanya nini. Nilipiga picha ndani ya ua wa nyumba ninayoishi, nikaituma kwa watu waliokuwa wakilinda haki za wadhamini wa mashindano, na kesho yake watu hao wakaja wakamkombea jirani yangu kila kitu. Jirani mwenyewe ananiita mdogo wake. Mpaka ninapoandika hapa hajui kwamba ni mimi.

Jina langu nabaki nalo. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, maana Temeke ni kubwa lakini mtaa wetu ni mdogo, na mimi ni mwoga. Naandika nimejifungia chumbani mchana kweupe, na kila nikisikia kandambili zinapita koridoni nafunika simu kwa mto.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, Mkristo, kwetu Masasi. Nina binti mmoja wa darasa la tatu. Tumepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, na ukisimama uani unaziona taa za uwanja mkubwa. Siku ya mechi huhitaji redio, goli likiingia utajua kwa kelele.

Kuna watu wawili wa nyumba ile lazima uwajue. Wa kwanza ni Mama Tatu, mama wa Lindi, mtengenezaji wa batiki. Mumewe, Mzee Nandonde, ni mchongaji vinyago wa Kimakonde, mtu wa maneno machache. Wa pili ni Rehema, anauza mihogo ya kukaanga nje ya geti. Rehema ni mpole mpaka unaweza kusahau kwamba yupo. Sisi watatu, pamoja na akina mama wengine wa mtaani, tuko kwenye kikundi kimoja cha kusaidiana.

Ilipotangazwa kwamba mashindano makubwa ya Afrika yatachezwa kwetu, na mechi nyingine zitapigwa palepale kwenye uwanja wetu, kikundi kikakaa. Mama Tatu akatoa wazo. Akasema wageni wote wale hawatarudi kwao mikono mitupu, basi tutengeneze batiki zenye kombe. Mzee Nandonde akachonga muhuri wa mti wa mninga, kombe limekaa juu ya mpira, na chini yake nembo ya mashindano kama ilivyokuwa kwenye mabango. Unachovya muhuri kwenye nta ya moto, unagonga kwenye kitambaa, unatia rangi, nta ikitoka kombe linabaki jeupe. Zilikuwa nzuri sana, siwezi kudanganya. Kikundi kizima kiliweka akiba yake humo.

Mimi sikugonga hata muhuri mmoja, kwa sababu wiki hiyohiyo nilipata kibarua. Kina mama niliwaambia naenda kuonyesha watu viti uwanjani. Haikuwa kweli. Nilichukuliwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuwalinda wadhamini.

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja Sinza. Mtoa mada alikuwa kijana mtanashati, ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wetu. Alituambia hivi: "Jamani, haya mashindano ni kama harusi. Mdhamini ndiye kalipia ukumbi, kalipia msosi, kalipia muziki. Sasa wewe unakuja na keki yako, unaiuza mlangoni kwa jina la bibi harusi. Ni halali hiyo?" Ukumbi mzima tukajibu si halali. Kuku alikuwa mtamu, ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, na mimi nikaamini kwa moyo wangu wote.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mitaa iliyo jirani na uwanja. Tukikuta friji ya kinywaji ambacho hakikudhamini, tunabandika karatasi juu ya nembo yake. Tukikuta fulana au kofia yenye nembo ya mashindano bila kibali, tunapiga picha, tunatuma kwenye kundi la simu, na wakubwa wanakuja kuchukua. Tulionywa jambo moja: picha ni za barabarani tu. Nyumbani kwa mtu hatuingii.

Nilivaa kizibao na kitambulisho cha shingoni, mtaani wakadhani sote ni watu wa uwanja, kichwa kikavimba. Siku ya tatu nilimfuata Mzee Salimu, Mwarabu mwenye duka la kona ambaye amenikopesha unga tangu nahamia. Ukuta wa duka lake umepakwa rangi za soda ambayo haikudhamini. Nikamwamuru aufunike.

"Shikamoo mzee. Huu ukuta inabidi ufunikwe mpaka mashindano yaishe," nilimwambia.

"Marahaba. Mwanangu, ukuta nao unacheza mpira?"

Wenzangu walicheka, mimi nilikasirika. Nilisimama pale mpaka akatoa mkeka wake wa kulalia akautundika. Nakuambia hili ujue kwamba sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa naipenda ile kazi.

Tatizo ni kwamba mitaa ya upande wangu ilikuwa mitulivu. Wenzangu wa upande mwingine walikuwa wanatuma mizigo ya fulana, mimi natuma friji. Msimamizi akanipigia.

"Sista, wewe ndo mwenyeji hapo uwanjani, halafu unaniletea friji tu? Mashindano mengine yanakuja. Watakaobaki ni wale wenye macho."

Niliposikia wengine watabaki na mimi nitatoka, nikashikwa na woga wa kijinga. Nilijiona nimerudi kukaa kibarazani bila kizibao. Asubuhi iliyofuata natoka chumbani, nakuta uani Mama Tatu ameanika batiki kwenye kamba zote, makombe meupe yamejaa ukuta kwa ukuta.

Hapo sikufikiri kwa muda mrefu, na sitasema shetani alinipitia. Nilitoa simu.

"Dada, zimependeza hizo. Hebu simama katikati nikupige."

"Ngoja kwanza nijifunge kanga vizuri," alisema, akacheka. "Haya, nipige. Unitumie na mie niweke kwenye simu."

Alishika pindo la kitambaa kwa mikono miwili, akatabasamu kwa meno yote. Nikapiga. Nikamtumia yeye, kisha nikamtumia msimamizi, nikaandika na jina la mtaa na rangi ya geti. Nilijidanganya kwamba watakuja kumwonya tu. Msimamizi alinijibu kwa kidole gumba.

Kesho yake nikiwa barabarani kazini, simu ikaita. Ni Mama Tatu.

"Mdogo wangu, wewe si uko na wakubwa huko uwanjani? Kuna watu wamekuja na gari, wanatoa batiki zote. Wamesema tumeiba nembo. Hebu ongea nao, waambie sie ni watu wazima, hatujamwibia mtu."

Nilisikia kwa nyuma sauti ya mwenzangu mmoja wa kundi, tena naijua vizuri, anamwambia mtu apishe. Nikajibu, "Dada, niko mbali, ngoja niulize." Nikakata simu, nikaizima.

Niliporudi alasiri kamba zilikuwa tupu. Walichukua batiki zilizokauka na zilizokuwa bado mbichi, wakachukua na pipa la rangi. Walimpa Mama Tatu karatasi ya kusaini. Mzee Nandonde aliwaomba kitu kimoja tu, wamwachie muhuri wake, akasema kitambaa ni chenu lakini mti ni wangu. Hawakumwachia. Nilimkuta amekaa juu ya kigogo, patasi ziko chini, hafanyi chochote.

Sasa angalia kosa langu lilivyokuwa na mdomo. Batiki zile zilikuwa hazijatoka nje ya geti hata siku moja. Zilipangwa kuuzwa siku ya mechi. Kwa hiyo swali la kwanza la kikundi kilipokaa lilikuwa moja: nani aliwaonyesha uani?

Alitajwa mwenye nyumba, akatajwa mkusanya taka. Mimi nilitaja fundi wa mita ya luku aliyekuja wiki iliyopita, tena kwa sauti ya uchungu. Ile picha Mama Tatu hakuitaja, kwake ilikuwa picha ya mdogo wake tu. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtu mzima sana, akatusikiliza wote kisha akasema, "Tusimdhanie mtu. Tusome halbadiri."

Kama hujakaa Pwani nikueleze. Halbadiri ni kisomo. Mtu akikudhulumu na humjui, masheikh wanakusomea, na aliyekudhulumu kisomo kinamfuata mwenyewe popote alipo. Watu wamesimulia vichaa, matumbo kuvimba, vifo. Kisomo hakikurupukiwi. Kwanza linatolewa tangazo, aliyefanya ajitokeze aombe radhi yaishe. Kikundi kikatoa siku tatu, mpaka Ijumaa baada ya sala.

"Mwandike tangazo, libandikwe getini," mwenyekiti alisema. Akanigeukia. "Wewe mwandiko wako mzuri. Andika."

Niliandika. Kwa mkono wangu mwenyewe niliandika kwamba yeyote aliyetoa siri ya uani anapewa siku tatu, na baada ya hapo asimlaumu mtu. Kalamu ilinitoka mkononi mara mbili. Rehema ndiye aliyeniokotea.

Zile siku tatu sijui nilikula nini. Nilijiambia mimi Mkristo, halbadiri hainijui. Halafu nikakumbuka kwamba binti yangu analala ubavuni kwangu, na kisomo kikikosea kichwa changu kitaangukia wapi? Alhamisi nilikwenda kanisani kuungama. Nilipiga magoti mbele ya padri, mdomo ukagoma, nikamwambia nimemsengenya jirani. Akanipa sala za kitubio, nikasali, nikatoka vilevile nilivyoingia.

Mama Tatu alikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja tu! Ningegonga, ningesema dada ni mimi, angenipiga kofi, angelia, ingekwisha. Nilitoka mara kadhaa nikafika mlangoni kwake, nikamwomba chumvi, nikarudi.

Ijumaa wakaja. Mikeka ilitandikwa palepale zilipokuwa kamba. Sheikh alikuwa mzee wa sauti ya chini, na kabla ya kuanza alituuliza, "Kuna mtu ana neno? Bora mtu aseme. Hiki si kitu cha kuchezea." Nilikuwa nimekaa na akina mama upande wa jikoni, namenya vitunguu vya pilau, na nilishukuru kwa vile vitunguu kwa sababu machozi yangu yalipata sababu.

Wakasoma. Moshi wa ubani ukajaa ua mzima. Kila sheikh alipofika mahali pa kuomba, watu waliitikia amina. Mama Tatu aliitikia. Rehema aliitikia. Jirani yangu wa kushoto akanitazama kama anayeuliza kwa nini mimi kimya.

Nikaitikia amina. Nilijiombea mabaya mwenyewe, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu timamu.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa kila kitu. Kichwa kikiniuma ni kisomo. Mguu ukifa ganzi ni kisomo. Binti yangu akikohoa namwekea mkono kifuani nahesabu pumzi. Mashindano yaliendelea, uwanja unapiga kelele, na kila goli nashtuka kama nimeitwa. Kazini niliambiwa nimefanya vizuri sana na jina langu limewekwa kwenye orodha.

Wiki ya pili baada ya kisomo, Rehema aliamka mdomo umempinda. Upande mmoja wa uso ulilegea, jicho likawa halifungi, chai ikawa inamchuruzika. Akatoka nje kuwasha jiko lake la mihogo, akina mama wakamwona.

Waliangaliana tu.

Sasa nakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na ndicho kinachoniumiza kuliko ile picha. Nilifurahi. Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani, nikamshukuru Mungu kwamba mdomo umempinda Rehema na si mimi. Siku hiyo ndiyo niliyolala usingizi wangu wa kwanza.

Hospitali walimwambia ni mshipa wa uso, hutokea, uso utarudi taratibu kwa dawa na mazoezi. Alirudi na dawa zake lakini nani wa kumsikiliza? Mihogo yake ikakosa mteja. Watoto wakaambiwa wasipite karibu na jiko lake. Mama Tatu, aliyekuwa akimsuka nywele, akawa akimwona anaingia ndani. Mimi peke yangu niliendelea kumsalimia, na yeye akadhani ni wema.

Alikuja chumbani kwangu akiwa amejifunika ushungi mpaka puani.

"Dada, nyie wote mnaniona mie ndo nimefanya. Na wewe unaamini?"

"Siamini, Rehema."

"Wallahi sijafanya. Lakini nimewaza sana. Kuna mteja siku moja aliniuliza huko ndani mnaanika nini, nikamwambia batiki za kombe. Labda ndo mie. Labda niliwauza bila kujua."

Ilikuwa nafasi yangu ya pili. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, anafuta jicho kwa pindo la ushungi. Nilimwambia, "Kama moyo unakusuta, nenda kaombe radhi yaishe." Nilisema mimi.

Akaenda. Akapiga magoti mbele ya Mama Tatu, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Mama Tatu alilia, akamwinua, akamsamehe. Mwenyekiti akamwita sheikh, ikasomwa dua ya kuondoa. Baada ya muda uso wa Rehema ukaanza kurudi, jicho likafunga, mdomo ukanyooka. Mtaa mzima ukasema, mmeona?

Pamoja na kusamehewa, mwenye nyumba alimwambia atafute pengine. Alihamia Tabata. Siku anapakia vyombo mimi ndiye niliyemshikia godoro.

Unaelewa nilipobaki? Msamaha ulikuwepo, ukatolewa, akapewa mtu ambaye hakuuhitaji. Kisomo kilisomwa kwa aliyefanya, na dua ya kuondoa ikasomwa kwa asiyefanya. Mimi bado niko na changu. Kila asubuhi nikiamka kitu cha kwanza nashika mdomo wangu kama uko mahali pake.

Mwezi uliopita kampuni ilituita tena, kuna mashindano mengine wanajiandaa nayo. Ukumbi uleule wa Sinza, kuku yuleyule. Msimamizi akasema atatuonyesha mfano wa kazi nzuri. Ukutani ikatokea picha kubwa kuliko mlango. Ni Mama Tatu, ameshika pindo la batiki, anatabasamu kwa meno yote, na juu ya kifua chake wameweka alama nyekundu ya mkasi, ile ya kukosesha. Msichana mgeni aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mama si namjua, yuko kule kwetu Temeke?"

Niliacha kitambulisho juu ya kiti nikatoka. Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Tabata kumtafuta Rehema, kwa sababu nilijua siku zangu zinahesabika, na nilitaka yeye aisikie kwangu kabla ya mtaani.

Nilimkuta kibarazani anamenya mihogo. Uso wake umerudi wote. Alifurahi kuniona, akanipa kigoda, akanikaribisha chai. Nikamwambia, "Rehema, siye wewe uliyewaonyesha. Ni mimi. Nilipiga picha."

Aliendelea kumenya. Nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia dada," alisema. "Usiniambie."

"Lakini wewe huna kosa."

"Mie nilikosa, nikaomba radhi, nikasamehewa, uso wangu ukarudi. Sasa ukiniambia siye mie, kwa nini ulipinda? Na kwa nini ulirudi?" Akachukua muhogo mwingine. "Mie nina watoto. Nimeshalala vizuri. Kunywa chai yako uende, na hilo jambo usilirudie kwangu."

Nilikunywa chai ile ikanichoma ulimi, nikaondoka.

Basi ndugu yangu unayesoma, wakikuvalisha kizibao na kukuambia ulinde mali ya mwenye harusi, kumbuka jioni utarudi kulala kwenye ua wako. Picha ukishaituma si yako tena. Na kama umeshakosa, sema siku hiyohiyo, mlango ukiwa jirani na kofi likiwa bado ni kofi. Usingoje. Mimi nilingoja mpaka mtu mwingine akachukua kosa langu akaliombea msamaha, na nilipokwenda kulidai aligoma kunirudishia.

Huyu hapa Mama Tatu ameanza kuanika vitambaa vyake. Nasikia anaita jina langu, anataka nimsaidie kukamua.